Mwaka wa mwisho shuleni uwe mwaka wa kwanza kazini

Tanzania haikosi sheria ya kumpatia kazi mtu mwenye ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea ahakikishe kuwa angalau asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Kabla ya hapo tulikuwa na Sheria Na. 2 ya mwaka 1982, iliyodai asilimia 2 kwa waajiri wenye wafanyakazi 50 na zaidi. Kiwango cha lazima kimekuwapo kwenye vitabu vya sheria kwa zaidi ya miaka 40. Mtoto asiyeona aliyezaliwa mwaka ule wa 1982 leo ameshavuka nusu ya miaka yake ya kufanya kazi.

Shule nazo zipo. Kuna Uhuru Mchanganyiko na Buguruni Viziwi jijini Dar es Salaam, Buigiri ya wasioona kule Dodoma, Furaha na Tabora Viziwi mkoani Tabora, Irente kule Lushoto, Mwanga Viziwi mkoani Kilimanjaro, pamoja na vitengo maalumu ndani ya shule za kawaida katika wilaya nyingi. Baraza la Mitihani huandaa karatasi za nukta nundu, yaani maandishi ya kusomwa kwa vidole, na za maandishi makubwa, na huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu: dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati, dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Hayo yamepiganiwa na watu, hayakushuka yenyewe.

Kinachokosekana ni katikati. Wapo watoto wanaokosa shule tangu mwanzo, wanaofichwa ndani, na hilo linadai makala yake. Hapa nawazungumzia waliovumilia wakafika mwisho. Hao wanapotea katika miezi iliyo baina ya mtihani wa mwisho na siku ya kwanza ya kazi, kwa sababu hakuna mtu hata mmoja aliyepewa jukumu la kuwapokea. Shule inamaliza kazi yake siku ya mtihani. Sheria ya ajira inaanza kazi yake mlangoni kwa mwajiri. Baina ya hapo kijana anaachwa kwenye mataa, na dawa yake, kwa maoni yangu, ni kuianza kazi wakati shule bado inamshika mkono.

Tuangalie kinachotokea Novemba. Chukua kijana kiziwi aliyemaliza Kidato cha Nne. Alipelekwa bwenini akiwa mdogo, mara nyingi mkoa mwingine kabisa, maana shule za viziwi zinahesabika. Huko ndiko alikoipata lugha. Kwa miaka kumi na zaidi aliishi na watu wanaoongea kwa mikono. Ana utani wake, ana jina lake la alama, anagombana na kupatana kama kijana mwingine yeyote. Mtihani ukiisha anapanda basi na tranka lake la bati, anashuka kijijini ambako mama yake anajua ishara tatu nne tu: njoo, kula, lala. Majirani wanamwita bubu. Safari ya siku moja imemtoa kwenye kundi la watu wenye maneno na kumwacha hana wa kusema naye. Habari za kazi zinapita redioni, zinapita kijiweni, zinapita msikitini na kanisani baada ya ibada, na zote zinapita kwa sauti. Kijana huyu hazikosi kwa uvivu.

Tukumbuke pia kwamba kazi nyingi nchini hazitangazwi popote. Mtu anapata kibarua kwa sababu shemeji yake anamjua msimamizi, au kwa sababu alikuwa amesimama getini siku mwenzake alipougua. Waliosoma na kijana kiziwi, ambao ndio wangempenyezea taarifa, wametawanyika mikoani. Ndiyo maana kumwambia aingie kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira, ambako matangazo huwahimiza watu wenye ulemavu kuomba na kutaja hali yao, ni jambo jema lakini dogo. Matangazo yale ni ya nafasi za serikalini, nyingi zinadai cheti ambacho hana. Na hana kwa sababu alifundishwa kwa miaka mingi na walimu ambao baadhi yao walikuwa wakijifunza lugha ya alama kutoka kwake.

Kwa asiyeona tatizo lina sura nyingine. Shuleni alifundishwa nukta nundu, akawa mwepesi kwenye Perkins, mashine ya kuandikia nukta nundu, kiasi cha kumpita mwenzake anayeandika kwa kalamu. Ni ujuzi wa thamani na nitautetea siku zote, maana bila nukta nundu asiyeona hukaa na lugha ya kusikia tu, tahajia ikabaki fumbo kwake. Lakini ofisini hakuna anayeisoma. Anayetoka shule na Perkins peke yake anatoka na lugha inayoishia getini. Chombo cha kazi ya leo ni kompyuta yenye programu ya kusoma skrini kwa sauti. NVDA, programu ya aina hiyo inayotumika sana, ilianzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wasioona wa Australia, na hutolewa bure. Sauti ya Kiswahili ipo, ingawa imekauka kama ya roboti. Simu nyingi za Android zina TalkBack, programu ya namna hiyo hiyo, ndani yake. Programu basi haina gharama. Kinachotakiwa ni kompyuta chache nzima, umeme usiokatika kila saa, na mwalimu anayejua kufundisha kwa kibodi bila kipanya. Kijana anayemaliza Kidato cha Sita bila uwezo wa kufungua barua pepe yake mwenyewe, kusoma tangazo, kuambatisha cheti na kutuma, amemaliza masomo lakini hajafundishwa namna ya kutoka.

Wazee wanawakumbuka waendesha simu. Katika ofisi nyingi za umma, kwenye chumba cha mapokezi, alikaa mtu asiyeona mbele ya swichibodi, anakumbuka namba za ndani zote kwa kichwa na anazitambua sauti za wakubwa kabla hawajajitaja. Ile ilikuwa njia halisi: palikuwa na kazi inayojulikana, mafunzo yake yanajulikana, na mwajiri alikwisha kuona kwa macho yake kwamba inawezekana. Simu za mkononi zikaja, swichibodi zikaondolewa, njia ikaziba. Hatukuchora nyingine. Vituo vya huduma kwa wateja vya kampuni za simu na mabenki ndivyo vingekuwa warithi wa wazi wa kazi ile, kwa kuwa ni kazi ya sikio, kumbukumbu na ustaarabu wa kuongea. Inachodai ni mfumo wa kompyuta wa kampuni usomeke na programu ya kusoma skrini, na hilo hukaguliwa kabla ya kununua mfumo, halikaguliwi baadaye.

Kundi linaloniuma zaidi ni vijana wenye ulemavu wa akili. Hawa wanasoma kwenye vitengo, wanajifunza usafi, hesabu za fedha, bustani, ufumaji, mapishi. Walimu wao ni watu wa subira ya ajabu. Lakini wengi hawafanyi mtihani wa Darasa la Saba, kwa hiyo hawana karatasi yoyote ya kuonyesha walichojua. Wanakua ndani ya kitengo mpaka wanapitiliza umri, kisha siku moja mzazi anaambiwa mtoto amekuwa mkubwa. Hakuna mahafali wala barua. Anarudi kukaa barazani, na ndani ya mwaka mmoja yale aliyofundishwa kwa miaka kumi yanaanza kumtoka, kwa kuwa ujuzi wa namna ile unaishi kwa kutumika kila siku.

Mwenye ualbino huonekana hana tatizo la kazi kwa sababu anatembea, anasikia na anaongea. Lakini kazi za mwanzo anazopata kijana asiye na mtaji ni za juani: shamba, ulinzi wa getini, kutembeza bidhaa, ujenzi. Kwa ngozi yake hizo ni kazi za kumfupishia maisha. Hospitali ya KCMC kule Moshi imekuwa ikitengeneza mafuta ya kujikinga na jua yaitwayo Kilisun, na yanasaidia, ila mafuta hayawezi kuwa kibali cha kumsimamisha mtu juani kwa saa nane kila siku. Anahitaji kazi ya kivulini, na maandishi ya kompyuta yaliyokuzwa. Ni marekebisho ya nusu saa.

Kwa nini basi katikati hapana mtu? Ukitazama mpangilio wa serikali jibu linajitokeza. Sera ya elimu iko Wizara ya Elimu. Shule zenyewe zinaendeshwa na halmashauri, chini ya TAMISEMI. Masuala ya kazi, ajira na watu wenye ulemavu yamekaa kwa miaka mingi chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Ustawi wa jamii una maofisa wake. Kila meza inatimiza wajibu wake ulioandikwa, na kijana anayehama kutoka meza moja kwenda nyingine hayupo kwenye daftari la yeyote. Afisa elimu anahesabu waliofanya mtihani, afisa kazi anawahesabu walioajiriwa, na aliyekaa nyumbani miaka mitatu hahesabiwi na mtu.

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina moja au nyingine. Ukiiweka namba hiyo kando ya ile asilimia 3 ya sheria, utaona sheria haikudai makubwa. Na hata hiyo ndogo ina kasoro ya hesabu: asilimia 3 ya watu 20 ni 0.6, kwa hiyo mwajiri mdogo anaweza kujificha nyuma ya desimali. Mpaka afike wafanyakazi 34 ndipo anadaiwa mtu mmoja kamili. Mwenye 200 anadaiwa sita. Msomaji wangu aliye kwenye kampuni au taasisi ya watu 200 aulize leo kwenye ofisi ya rasilimali watu: sita wetu ni akina nani? Jibu atakalolipata litamfundisha mengi kuliko ripoti yoyote.

Lakini sitaki kuishia kwenye kuwalaumu waajiri, kwa sababu nimewasikiliza wengi na hofu yao ina mantiki yake. Wanauliza nani atakayemfundisha, itakuwaje akishindwa, nani ataongea naye, na kama watamwachisha kazi wataonekanaje. Haya ni maswali ya mtu ambaye hajawahi kufanya kazi na mtu mwenye ulemavu, naye kijana upande wa pili hajawahi kufanya kazi kabisa. Unapowakutanisha kwa mara ya kwanza kwenye chumba cha usaili, dakika 30, mmoja na suti na mwingine na jasho, umewakutanisha mahali pabaya kuliko pote. Kiziwi bila mkalimani kwenye usaili wa mdomo atashindwa hata kama ni fundi hodari kuliko wote waliokuja. Anayepaswa kupimwa kwa mikono anapimwa kwa mdomo.

Mwaka 1996, katika hospitali ya watoto ya Cincinnati nchini Marekani, muuguzi aliyekuwa akiongoza idara ya dharura, Erin Riehle, alikuwa na shida ya kawaida kabisa: makabati ya vifaa hayajazwi ipasavyo, na watu waliopewa kazi hiyo hawakai. Akaenda kwa wanaofundisha wanafunzi wenye ulemavu wa akili, wakaanza pamoja mpango uliokuja kuitwa Project SEARCH. Wazo lake ni jepesi. Mwanafunzi anatumia mwaka wake wa mwisho wa shule ndani ya mahali pa kazi penyewe. Mwalimu wake anahamia huko pia. Katika mwaka huo anazunguka idara tatu, kila moja kwa wiki kama kumi, akifanya kazi halisi yenye hatua nyingi zinazojirudia: kupanga vifaa, kuandaa vyombo, kuingiza taarifa, kusafisha kwa utaratibu maalumu. Pembeni yake yupo msaidizi wa kazi anayemfundisha hatua kwa hatua kisha anajiondoa polepole. Mwisho wa mwaka mwajiri habahatishi. Ameshamwona kijana akiwahi, akikosea, akirekebishika. Mpango huo umeenea katika nchi kadhaa. Na tafiti za Marekani zimerudia tena na tena jambo moja: mwanafunzi mwenye ulemavu aliyefanya kazi ya kulipwa akiwa bado shuleni ana nafasi kubwa zaidi ya kuwa kazini baada ya shule. Sheria yao ya elimu maalumu inadai kila mwanafunzi wa aina hiyo awe na mpango wa maandishi wa kutoka shule kwenda maisha ya kazi kabla hajapita miaka 16.

Najua atatokea wa kusema hayo ni mambo ya nchi tajiri. Mimi naona kiini chake hakidai utajiri, na tayari tunakifanya vichochoroni bila kukipa jina. Katika karakana moja ya useremala pale Keko, Dar es Salaam, nilimwona fundi mwenye mwanafunzi kiziwi. Hakuna aliyesomea lugha ya alama pale. Vipimo vinaandikwa kwa penseli juu ya ubao wenyewe, inchi na mkato wake, mshale unaonyesha upande wa kuranda. Fundi akitaka kumwita anazima na kuwasha taa iliyo juu ya meza yake. Mashine ya kuranda ikiwaka, wote mle ndani ni viziwi, na hapo yule kijana ndiye anayeelewana na wenzake kuliko wengine, kwa kuwa macho yake yamezoea mikono. Wamejitungia ishara ya msasa, ya gundi, ya mteja mkorofi. Yote yale yalizaliwa ndani ya miezi ya kukaa pamoja. Semina isingeyazaa, wala barua ya kuhimiza ajira jumuishi.

Iringa nako kuna Neema Crafts, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha, ambayo imewaajiri watu wenye ulemavu katika ufumaji, karatasi za mikono na mgahawa unaohudumiwa na viziwi. Mteja anaagiza chakula kwa kuandika au kuonyesha kwa ishara, na chai inafika. Arusha kuna Shanga, inayotengeneza vitu vya kioo kutokana na chupa kuukuu. Naziheshimu karakana hizi kwa dhati. Lakini haziwezi kumpokea kila anayemaliza shule, na tusije tukazifanya ndipo mahali pekee pa watu wenye ulemavu, sisi wengine tukabaki na mabenki, viwanda na ofisi zetu kama zilivyo.

Njia nyingine tunayopenda kuwaelekeza vijana hawa ni kujiajiri. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 kwa sababu ya usimamizi mbaya, kisha ikarejeshwa kuanzia mwaka wa fedha 2024/25. Ni fedha ya thamani. Ila kumpa mkopo wa biashara kijana wa miaka 19 ambaye hajawahi kushika mshahara, hajawahi kuuza, hajawahi kukosea mahali ambapo kosa linalipwa na mtu mwingine, ni kumpa deni. Watu wasio na ulemavu huanza kwa kukaa dukani kwa mjomba mwaka mzima, wakijifunza bei, wateja na wezi, ndipo wanafungua la kwao. Kwa nini mwenye ulemavu arushwe hatua hiyo? Mara nyingi najiuliza kama hii haraka ya kuwaambia wajiajiri haitokani na sisi kutotaka kukaa nao kazini.

Sehemu ya ile asilimia 2 ingefanya kazi kubwa zaidi kama ingenunua vifaa vya kuanzia kazi kwa anayemaliza shule: kompyuta ndogo kwa asiyeona, cherehani iliyorekebishwa kwa asiyetumia miguu, kifaa cha kukuza maandishi kwa mwenye ualbino. Kanuni za sasa ni za mikopo, kwa hiyo zingehitaji kubadilishwa, na wa kuzibadilisha wapo.

Nirudi kwenye shule, maana ndipo jambo linapoanzia. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali, yaani wa ujuzi wa kazi, katika sekondari, na elimu ya lazima inakwenda kuwa miaka 10. Hii ni nafasi ambayo haitarudi hivi karibuni. Karakana mpya zinajengwa sasa. Mlango wake ukiwa mwembamba leo, utabaki mwembamba kwa miaka 50. Meza ya kazi ikijengwa kwa kimo kimoja tu, mwenye kitimwendo atakuwa mtazamaji kwenye somo lake mwenyewe. Na mtaala wa amali una kipengele cha vitendo. Basi vitendo hivyo, kwa mwanafunzi mwenye ulemavu, vifanyike nje ya geti la shule kuanzia Kidato cha Tatu, kwenye gereji, hoteli, stoo ya hospitali ya wilaya, ofisi ya ardhi, kiwanda cha mikate. Wiki tatu wakati wa likizo ya Juni, kisha tena Kidato cha Nne. Serikali inayo tayari programu ya uanagenzi kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu, na VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambao unapima mikono na kutoa cheti. Utaratibu huo umefikiriwa zaidi kwa mafundi wa mitaani. Ungeweza kuwa karatasi ya kwanza ya maisha kwa yule kijana wa kitengo asiyewahi kuwa na karatasi yoyote.

Lakini hakuna kati ya hayo litakalotembea bila mtu mwenye jina. Nasisitiza mtu, kwa sababu kamati tunazo za kutosha; sheria ya 2010 ilizianzisha mpaka ngazi ya kijiji. Kila shule yenye kitengo iwe na mwalimu mmoja aliyepunguziwa vipindi ili afanye kazi hii: kujua waajiri walio umbali wa daladala moja, kwenda kuwatembelea, kumpeleka mwanafunzi siku ya kwanza, kurudi siku ya tatu, kurudi wiki ya pili, na kuendelea kupokea simu ya mwajiri kwa miezi mitatu baada ya kijana kuanza kazi. Simu hiyo ndiyo inayoamua. Nijuavyo mimi, vijana hawa hawaachishwi kwa kukosa uwezo mara nyingi kama wanavyoachishwa kwa jambo dogo lililokosa mtu wa kulielezea: kiziwi alidhaniwa ana kiburi kwa sababu hakuitika, mwenye ulemavu wa akili alibadilishiwa zamu ghafla akavurugikiwa, asiyeona aliwekewa ndoo njiani akaanguka, na mkuu wa kazi akahitimisha kuwa hapamfai. Mwalimu anayemjua angemaliza hilo kwa dakika kumi.

Usafiri nao hupuuzwa mpaka siku ya kwanza ya kazi. Dar es Salaam, vituo vya mwendokasi vilivyoanza kutumika mwaka 2016 vina jukwaa lililo sawa na sakafu ya basi, kwa hiyo mwenye kitimwendo anaingia bila kubebwa. Daladala haimpi hilo. Kwa mtu huyo, kazi nzuri isiyo kwenye njia ya mwendokasi inaweza kuwa kazi ya bajaji kwenda na kurudi, na nauli ikameza mshahara. Anayemtafutia kijana kazi lazima aanze na ramani.

Mzazi pia lazima awemo, hasa mzazi wa binti. Anayemzuia bintiye asiyeona au mwenye ulemavu wa akili kwenda kazini haongozwi na ujinga. Anajua habari za mabinti waliodhuriwa, na hakuna aliyemweleza nani atakuwa na binti yake saa saba mchana. Akipelekwa akaione sehemu ya kazi, akapewa namba ya msimamizi mwanamke, akaona choo na mlango wake, wengi husema ndiyo. Mazungumzo hayo hufanyika vizuri zaidi mwalimu wa miaka minne akiwa katikati yao kuliko yakifanywa na afisa aliyefika jana.

Upande wa mwajiri, Kenya ilifikiria motisha mapema. Sheria yao ya mwaka 2003 ilimruhusu mwajiri binafsi kupunguza kwenye mapato yanayotozwa kodi asilimia 25 ya mishahara aliyowalipa wafanyakazi wenye ulemavu, na asilimia 50 ya gharama za kurekebisha jengo au vifaa kwa ajili yao. Nasi tunaweza kuwa na kitu cha namna hiyo, lakini nisingependa kiwe cha mwajiri anayeandika majina tu. Kitolewe kwa anayepokea wanafunzi wa mafunzo kazini kila mwaka na kubaki na baadhi yao, kwa sababu huyo ndiye anayebeba gharama halisi ya kufundisha.

Watu wa vyama, yaani SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, na wanachama wake kama CHAVITA cha viziwi na Chama cha Wasioona, wana kitu ambacho serikali haina: watu wazima wenye ulemavu walio kazini tayari. Mhasibu asiyesikia, mwanasheria asiyeona, dereva wa bajaji mwenye ulemavu wa miguu. Wapelekwe kwenye madarasa ya Kidato cha Pili, wakae na wanafunzi asubuhi nzima, waeleze mshahara wa kwanza waliutumiaje na bosi wa kwanza walimshughulikiaje. Mwanafunzi ambaye hajawahi kumwona mtu kama yeye akiwa na kitambulisho cha kazi shingoni hana namna ya kuliwazia jambo hilo. Gharama yake ni nauli na chakula cha mchana.

Halmashauri hujadili bajeti zao mwanzoni mwa mwaka, Bunge likaanza kikao cha bajeti Aprili, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mwalimu mmoja aliyepunguziwa vipindi, nauli ya kuzungukia waajiri, posho ya chakula kwa wanafunzi kwa wiki tatu za mafunzo kazini, na siku kadhaa za mkalimani wa lugha ya alama: kwa shule moja, hiyo ni kasma ndogo ambayo diwani anaweza kuisimamia kwenye baraza lake bila kusubiri sheria mpya. Ikiingizwa kwenye bajeti ijayo, watakaokuwa Kidato cha Tatu Juni itakayofuata ndio wa kwanza kwenda.